Ndege Wadogo na Hesabu ya Majira ya Baridi

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mkulima humfahamu ndege mdogo kwanza kwa hasara. Mtama ukianza kukomaa, au mpunga ukianza kuinamisha masuke, watoto hupelekwa shambani tangu alfajiri wakiwa na makombeo na madebe ya kupiga, na jioni hurudi nyumbani sauti zimewakauka. Mtu aliyeshinda juani kwa wiki tatu akiamia ndege hana hamu ya kuuliza kiumbe yule huishi kwa kitu gani wakati mashamba ni matupu. Hata hivyo swali hilo lina maana kwa mkulima, kwa sababu ndege hushambulia au huacha kushambulia kulingana na njaa yake, na njaa yake ina majira.

Mazungumzo haya yanaanzia mbali, katika nchi za kaskazini ya dunia, ambako ndege wenye uzito wa gramu kumi, na wengine chini ya hapo, hukabili miezi mingi ya theluji. Huko ndiko wataalamu wamechunguza kwa muda mrefu jinsi ndege mdogo anavyopata chakula wakati ambapo, kwa macho ya binadamu, hakuna chakula. Baadaye mazungumzo yatarejea nyumbani.

Tatizo lenyewe

Ukitenga kando ya moto chungu kikubwa cha maji yaliyochemka na kikombe kimoja cha chai, kikombe kitapoa kwanza. Kitu kidogo hupoteza joto upesi kuliko kitu kikubwa. Ndege mdogo ni kama kikombe hicho. Mwili wake hauna budi kubaki na joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi au kuzidi kidogo, na nje ya manyoya yake hewa yaweza kuwa chini ya kiwango cha maji kuganda kwa nyuzi ishirini, thelathini, hata arobaini. Joto hilo lote hutokana na chakula. Asipokula, moto huzimika.

Yupo katika misitu ya Ulaya ndege aitwaye goldkresti, mwenye utepe wa rangi ya dhahabu utosini. Uzito wake ni gramu tano au sita tu, kupita kidogo kijiko cha chai kilichojaa sukari. Wengine wa aina yake huhama, lakini wengine hubaki kaskazini wakati wote wa baridi, wakila wadudu wadogo mno na mayai ya wadudu yaliyojificha kati ya majani ya misonobari.

Jambo la pili linalozidisha ugumu ni urefu wa usiku. Afrika Mashariki mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Mjini London, mwishoni mwa Desemba, mchana ni saa nane hivi. Huko Fairbanks, katika jimbo la Alaska, jua la siku hizo huonekana kwa muda usiofika saa nne. Ndege wengi wadogo hutafuta chakula kwa macho, kwa hiyo mchana mfupi ndio muda wote wa kazi, na mapato yake lazima yatoshe matumizi ya usiku mrefu. Katibu wa chama ataielewa hali hii bila maelezo mengi. Ni hesabu inayofungwa kila jioni, na salio likikosekana mara moja tu, hakuna mkutano wa kulijadili.

Wanaoondoka

Ndege wengi hukwepa tatizo hilo kwa kuhama. Mbayuwayu ni mfano unaofahamika zaidi. Yeye hula wadudu wanaoruka hewani, na majira ya baridi yanapoingia Ulaya wadudu hao hutoweka. Hana namna ya kubadili chakula, kwa hiyo hubadili nchi. Kuanzia Septemba makundi ya mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia huonekana Tanzania, Kenya na Uganda yakiruka chini chini juu ya mashamba na malisho, na ifikapo Aprili wengi wao huwa wameshika njia ya kurudi.

Zamani watu wa kaskazini hawakujua mbayuwayu huenda wapi. Kitabu cha Olaus Magnus wa Sweden, kilichochapishwa mwaka 1555, kilisimulia kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji na kwamba wavuvi huwatoa kwa nyavu. Ukweli ulithibitishwa baadaye sana kwa njia rahisi. Mwezi Mei 1911 wakili mmoja Mwingereza, John Masefield wa Cheadle, alimfunga mbayuwayu pete ndogo yenye namba mguuni. Mwezi Desemba 1912 ndege yule alipatikana katika nyumba moja ya shambani huko Natal, Afrika Kusini. Kiumbe cha gramu ishirini hivi kilikuwa kimevuka Ulaya na Afrika nzima.

Safari hiyo nayo ina hatari zake. Katika msimu wa vuli wa huko Ulaya, mwaka 1974, baridi na mvua viliwahi kuliko kawaida kaskazini ya milima ya Alps. Mbayuwayu walikuwa bado hawajavuka. Wadudu hawakuruka kwa siku nyingi, na ndege wakaanza kudondoka kwa njaa kwenye mapaa na mabarabara. Wananchi wa Uswisi na wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule waliwaokota, wakawatia katika maboksi, na mamia ya maelfu wakasafirishwa kwa treni, kwa magari na hata kwa eropleni hadi upande wa kusini wa milima, ambako walifunguliwa. Kukawia kwa wiki chache tu kulitosha kuifanya njia ya kila mwaka kuwa kaburi.

Wanaobaki, na jinsi wanavyopita usiku

Ndege anayebaki hana budi kupunguza matumizi. Njia ya kwanza ni manyoya. Wengi huota manyoya mapya na mazito kabla ya baridi, kisha wakati wa usiku huyatutumua hata ndege akaonekana kama mpira. Hewa iliyonaswa kati ya manyoya huzuia joto lisitoke, kama vile blanketi la sufi linavyofanya kazi kwa hewa iliyomo kati ya nyuzi zake. Mdomo huufukia mgongoni, na mara nyingi mguu mmoja huuficha tumboni. Hata mishipa ya miguu ina mpango wake. Damu ya moto inayoshuka hupita karibu sana na damu ya baridi inayopanda, ikaipasha moto kabla haijaufikia mwili, hivyo joto kidogo tu hupotea kwenye vidole visivyo na manyoya.

Njia ya pili ni mahali pa kulala. Wengine huingia katika matundu ya miti yaliyochimbwa na vigong'ota. Redpoli, ndege mdogo wa kaskazini kabisa, huweza kujichimbia njia ndani ya theluji na kulala humo, kwa kuwa ndani ya theluji baridi ni nafuu kuliko nje penye upepo. Goldkresti hulala wamebanana bega kwa bega juu ya tawi. Ndege mwingine wa Uingereza, aitwaye reni, wakati wa mchana ni mgomvi asiyekubali mwenzake aingie katika eneo lake. Lakini baridi ikizidi huweka ugomvi kando. Katika mwaka 1969, huko Norfolk, walihesabiwa reni 61 wakiingia kulala katika kisanduku kimoja cha kiota.

Njia ya tatu ni ya kustaajabisha zaidi. Yupo Marekani ya Kaskazini ndege aitwaye chikadii, jina alilopewa kwa kufuata mlio wake, chi-ka-dii-dii. Ana gramu kumi na moja au kumi na mbili, kofia nyeusi na mashavu meupe, na hupatikana hata Alaska. Mchana joto la mwili wake ni nyuzi 42 hivi. Usiku wa baridi kali hulishusha kwa nyuzi kumi hivi, kama mtu anayepunguza utambi wa taa ili mafuta yafike asubuhi. Misuli ya kifua chake hutetemeka ili kutengeneza joto la kutosha tu, basi. Kukipambazuka hujipasha moto upya kwa kutetemeka zaidi, kisha hutoka kwenda kazini.

Mafuta anayoyachoma usiku huyapata siku ile ile. Chikadii mmoja huongeza kwa siku mafuta yapatayo sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na mapema asubuhi karibu yote yamekwisha. Ni sawa na mtu wa kilo sitini ambaye kila jioni ameongeza kilo sita na kila alfajiri amezipoteza.

Chakula kinapatikana wapi

Msitu wa majira ya baridi huonekana umekufa, lakini chakula kimo. Wadudu hawakuisha, wamelala. Mayai, mabuu na viwavi wamo katika nyufa za magome, ndani ya mabua makavu, na kwenye matawi. Huko Maine, Marekani, mtaalamu Bernd Heinrich alichunguza ndege wa jamii ya goldkresti na kugundua kwamba katikati ya baridi matumbo yao yalikuwa na viwavi wadogo wa nondo, walioganda matawini na kufanana kabisa na vijiti. Binadamu aliyetembea chini ya miti ile asingeona kitu. Ndege wale huwapata kwa kukagua tawi baada ya tawi, karibu muda wote wa mwanga.

Wengine hula mbegu. Redpoli ana mfuko kooni ambamo hutia mbegu kabla ya giza kuingia, kisha huzila polepole akiwa amejificha. Hivyo huongeza muda wa kula bila kuongeza muda wa kuwa hatarini nje.

Chikadii na jamaa zake kadhaa wa Ulaya hufanya zaidi ya hapo: huweka ghala. Tangu mwisho wa kiangazi cha huko, mbegu zinapokuwa nyingi, chikadii huchukua mbegu moja moja, au mdudu mmoja mmoja, na kuificha chini ya gome, katika kuvu la mti, au kati ya majani. Kila kitu hukiweka mahali pake peke yake. Katika msimu mmoja maficho hayo hufikia maelfu. Sababu ya kutawanya ni dhahiri. Mwizi akigundua ficho moja amepata mbegu moja tu, wala hakuna mlango wa kuvunja.

Ghala la namna hiyo linahitaji daftari, na daftari la chikadii limo kichwani. Majaribio yameonyesha kwamba ndege huyu hukumbuka maficho yake kwa wiki kadhaa, na kwamba hujua pia lipi ameshalitoa. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali ni kubwa kwa ndege wanaoficha chakula kuliko kwa jamaa zao wasioficha. Mwaka 2002 wataalamu Vladimir Pravosudov na Nicola Clayton walieleza matokeo ya kulinganisha chikadii wa Alaska na chikadii wa Colorado, ambako baridi si kali kama ya Alaska. Ndege wote walitunzwa katika mazingira yanayofanana. Wale wa Alaska waliweka akiba zaidi, waliikumbuka vizuri zaidi, na sehemu ile ya ubongo wao ilikuwa kubwa zaidi. Mahali penye shida kubwa, asiyekumbuka ghala lake hakuacha wajukuu.

Kutafuta kwa pamoja

Wakati wa kuzaliana kila jozi ya ndege hulinda eneo lake. Majira ya baridi yakifika desturi hiyo huvunjika, na ndege wa aina mbalimbali huungana katika kundi moja linalopita msituni. Chikadii huwa katikati. Pamoja nao wapo goldkresti wa huko, vigong'ota wadogo, na wengine wanaopanda na kushuka kwenye magogo. Hawagombani sana kwa sababu kila aina ina sehemu yake: mmoja hukagua ncha za matawi, mwingine shina, mwingine majani yaliyoanguka. Jambo hili si geni hapa nchini. Katika misitu ya miombo makundi ya ndege mchanganyiko hupita namna hiyo hiyo, na mlina asali aliyesimama kimya ataona mti uliokuwa mtupu ukijaa ndege kwa dakika chache, kisha kimya kinarudi.

Faida kubwa ya kundi ni macho. Ndege aliye peke yake lazima ainue kichwa mara kwa mara kuangalia kipanga, na kila anapoinua kichwa hali. Katika kundi kazi ya ulinzi hugawanywa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba chikadii akimwona bundi au mwewe aliyetua, mlio wake hueleza kiasi cha hatari. Adui akiwa mdogo na mwepesi, ambaye ndiye wa hatari zaidi kwa ndege wa gramu kumi na moja, sauti ya "dii" hurudiwa mara nyingi zaidi kuliko kwa adui mkubwa na mzito. Ndege wa aina nyingine waliomo katika msafara husikia na kuelewa.

Kundi hilo pia lina gharama, nayo haifai kufichwa. Wenye nguvu hula kwanza na hushika sehemu zilizo salama. Wadogo na wageni husukumwa pembeni, na baridi ikizidi wao ndio hufa kwanza. Hata hivyo hawaondoki, kwa sababu aliye pembeni mwa kundi bado ana nafasi nzuri kuliko aliye peke yake.

Akiba ndogo na akiba kubwa mno

Mtu aweza kudhani kwamba ndege mwenye mafuta mengi zaidi ndiye mwenye usalama zaidi. Sivyo. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, Uingereza, jamaa mmoja wa chikadii mwenye kifua cha manjano amechunguzwa mfululizo tangu mwaka 1947, kazi iliyoanzishwa na David Lack. Katika miaka ya 1960 vipanga walitoweka sehemu nyingi za Uingereza kwa sababu ya sumu za mashambani, kisha katika miaka ya 1970, baada ya sumu hizo kuanza kuzuiwa, wakaanza kurudi. Wataalamu walipopitia kumbukumbu za uzito wa ndege, kama walivyoeleza mwaka 1995, waliona kwamba wakati vipanga hawapo ndege wadogo walikuwa wazito, na vipanga waliporudi walikonda. Ndege mzito huruka polepole, naye ndiye anayekamatwa. Mwenye mafuta machache hufa kwa baridi, na mwenye mengi huliwa. Kiasi kinachofaa hubadilika kadiri hatari zinavyobadilika, na hupimwa upya kila siku.

Jambo la pili lililoonekana kutokana na kuweka kumbukumbu bila kukatiza ni kwamba idadi ya ndege hao hufuata mavuno ya msituni. Mwaka ambao miti mikubwa imezaa kokwa kwa wingi, vijana wengi hupita majira ya baridi. Mwaka wa mavuno haba, vijana wengi hupotea. Jambo hilo lisingejulikana kama daftari lingefungwa baada ya miaka miwili au mitatu.

Hata hivyo zipo baridi zinazoshinda akiba zote. Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 yalikuwa makali kupita kawaida nchini Uingereza. Theluji ilishika mwishoni mwa Desemba na haikuachia mpaka mwanzoni mwa Machi. Reni, ambao hula wadudu chini ya vichaka, walikufa kwa wingi mno, na waliosalia walikuwa wachache. Lakini reni hutaga mayai matano hadi manane, na mara nyingi huzaa mara mbili kwa mwaka. Katika miaka iliyofuata, yenye baridi nafuu, waliongezeka tena hata wakawa miongoni mwa ndege walio wengi kabisa nchini humo.

Mkono wa binadamu

Wakulima wa Norway na Sweden wana desturi ya zamani ya kutundika mganda wa oti, nafaka ya huko, nje ya nyumba wakati wa Noeli ili ndege wapate kula. Uingereza watu wengi huweka mbegu za alizeti na karanga bustanini. Wakati mwingine ndege hawakungoja kupewa. Mwaka 1921, karibu na Southampton, ndege wadogo walionekana wakitoboa vifuniko vya chupa za maziwa zilizoachwa mlangoni asubuhi, wakanywa malai iliyoelea juu. James Fisher na Robert Hinde walipokusanya habari hizo mwaka 1949, ujuzi huo ulikuwa umeenea sehemu nyingi za nchi, ukipokelewa na ndege mmoja baada ya mwingine.

Wema huo una masharti yake. Mnamo mwaka 2005 ugonjwa wa koo ulizuka miongoni mwa ndege wa kijani waitwao grinfinchi nchini Uingereza, na ukaenea hasa pale ndege wengi walipokusanyika kula na kunywa katika vyombo vichafu. Idadi yao imepungua kwa zaidi ya nusu. Mlo uliokusudiwa kuokoa ulieneza maradhi kwa sababu chombo hakikuoshwa.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi yametokea mashambani. Zamani shamba la ngano la Uingereza lilivunwa, mabua yakaachwa mpaka miezi ya mwanzo wa mwaka, na nafaka zilizodondoka pamoja na mbegu za magugu zikawa chakula cha ndege wakati wote wa baridi. Kilimo kilipobadilika, ngano ikawa inapandwa mara tu baada ya mavuno, na dawa zikaua magugu. Ghala la wazi likafungwa. Tangu mwaka 1970 ndege wa mashambani nchini humo wamepungua kwa zaidi ya nusu, na upungufu wa chakula cha majira ya baridi ni sababu mojawapo kubwa. Ipo sasa mipango ya kuwalipa wakulima wanaoacha mabua au kupanda vipande vya mbegu kwa ajili ya ndege. Hakuna aliyekusudia hasara ile. Kila mkulima alibadili tarehe ya kulima shamba lake mwenyewe, na jumla ya tarehe hizo ikawa njaa ya nchi nzima.

Njaa ya ndege hapa nyumbani

Afrika Mashariki haina theluji katika mashamba yake, lakini ndege wake wana majira yao ya njaa. Kwelea kwelea, adui mkubwa wa mtama, uwele, mpunga na ngano, ana uzito wa gramu kumi na tano hadi ishirini. Chakula anachokipenda ni mbegu za nyasi za porini. Wakati wote wa kiangazi huokota mbegu zilizoanguka ardhini, nazo hupungua siku hata siku.

Wengi wangetazamia kwamba mvua za kwanza ndizo humwokoa. Kinyume chake, mvua ndiyo humtia katika shida. Mbegu zilizobaki ardhini huota zote kwa pamoja, na katika siku chache nchi hugeuka kijani bila kuwa na hata punje moja ya kuliwa. Kumbikumbi na wadudu wengine humsaidia kwa muda. Kisha kundi, likiwa limejiwekea mafuta mwilini kama chikadii afanyavyo jioni, huruka mbali kuvuka eneo la mvua mpya mpaka pale ambapo mvua ilitangulia wiki nyingi nyuma na nyasi zimeshazaa. Mkulima anaijua njaa hiyo ya katikati ya kijani, kwa maana naye huipitia: mahindi yamefika kiunoni, mbuga imependeza, na ghala limekwisha.

Kutokana na hayo yapo mambo matatu yanayofaa kuzingatiwa na vyama.

Kwanza ni majira ya kupanda. Kwelea kwelea huvamia mashamba hasa pale mbegu za porini zinapokuwa haba au nafaka inapokuwa karibu zaidi. Shamba lililochelewa, linalokomaa peke yake wakati mengine yamevunwa na nyasi zimekauka, hubeba mzigo wa kundi zima. Ndege mmoja aweza kuharibu gramu kumi za nafaka kwa siku. Ndege milioni moja, tani kumi. Wanachama wa eneo moja wakikubaliana kupanda kwa wakati mmoja, mbegu ya kukomaa mapema, hasara hugawanyika na siku za kuamia hupungua. Mapatano hayo hayawezi kufanywa na mkulima mmoja, bali na mkutano.

Pili ni taarifa. Makundi ya kuzaliana na ya kulala yakigunduliwa mapema, hatua huchukuliwa mahali padogo. Katibu anayeandika tarehe na mahali makundi yalipoonekana, mwaka baada ya mwaka, ana kitu ambacho afisa kilimo hawezi kukipata kwingine.

Tatu ni sumu. Dawa ya fenthioni inayonyunyizwa juu ya makundi ya kwelea kwelea haichagui. Huua pia ndege wengine waliolala hapo, pamoja na mwewe na bundi wanaokula ndege walioathirika, yaani walinzi ambao hawalipwi. Mbayuwayu, aliyekuja kutoka mbali, hagusi nafaka kabisa; hula wadudu, wakiwamo waharibifu wa mazao. Wilayani Kondoa wananchi hutega kwelea kwelea kwa kitoweo, na njia hiyo hupunguza ndege na kuongeza chakula nyumbani. Lakini ndege waliookotwa mahali palipopigwa dawa wasiliwe kamwe wala wasiuzwe, na ni wajibu wa chama kuwatangazia wanachama, pamoja na watoto wao, siku na mahali dawa itakapopigwa.

Ndugu wanachama, karibu kila mwaka Septemba huwaleta mbayuwayu, na wakati huo huo, kaskazini, chikadii wa gramu kumi na moja anaficha mbegu zake moja moja kabla theluji haijaanguka. Miezi hiyo hiyo vyama vingi hufunga hesabu za msimu na kuamua kiasi gani kiuzwe na kiasi gani kibaki ghalani. Uamuzi huo ufanywe mapema, uandikwe, na kila mwanachama aujue, kwa sababu miezi ya njaa ikishaingia hakuna tena cha kuamua.